Umahususi: Unauzoeza Mwili Uzoee Nini?

Kijana anayenyanyua vyuma Kabambare, mashariki mwa Kongo, kwa kawaida hana jimu. Ana bomba la chuma lenye makopo mawili yaliyojazwa simenti, ubao wa kulalia, na wenzake wa kumhesabia. Akikaza mwaka mzima, kifua kinapanuka na mikono inajaa shati. Kisha anasikia kwamba timu ya mpira wa miguu ya chuo, huko Kasongo au Kindu, inafanya majaribio ya wachezaji. Anakwenda, na nusu saa haijaisha pumzi imekata, huku kijana mwembamba anayeshinda machimboni akimpita kila mpira. Watu pembeni husema misuli ile ilikuwa ya maonyesho tu. Wanamwonea. Misuli yake ni ya kweli, na imefanya kwa uaminifu kila ilichofundishwa. Tatizo lake lina jina katika elimu ya michezo: umahususi wa mazoezi.

Kanuni yenyewe ni kwamba mwili hubadilika kulingana na kazi unayopewa, na kazi usiyopewa hauijui. Mwaka 1964 Wamarekani wawili, Wallis na Logan, waliiandika kama kanuni ya mwili kujirekebisha mahususi kwa matakwa uliyowekewa. Wanaosoma vitabu vya Kifaransa, kama walimu wetu wa michezo, hukutana nayo kwa jina la spécificité.

Kwa Kiswahili wengine wangependekeza umaalumu. Mimi naona hautufai, kwa kuwa maalumu hubeba pia heshima na cheo: mgeni maalumu, viti maalumu. Upekee nao ni hali ya kutokuwa na mwenzako. Mahususi ni kilichotengwa kwa shughuli fulani, na hiyo ndiyo maana tunayoitaka. Nakubali kwamba umahususi ni neno la darasani kuliko la uwanjani. Lakini hata asiyelijua tayari analo wazo lake mdomoni kila jioni anaposema anakwenda mazoezini. Zoezi limetokana na kuzoeza, na kuzoeza kumetokana na kuzoea. Kuzoea hakusimami peke yake: mtu huzoea baridi, huzoea njia, huzoea mzigo. Kwa hiyo anayesema "nafanya mazoezi" anadaiwa swali la pili: unauzoeza mwili uzoee nini?

Kabambare ina mifano ya zamani kuliko vitabu vya michezo. Katika karne ya 19 misafara iliyovuka ziwa Tanganyika ikielekea Kasongo na Nyangwe ilipita hapa, na mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, siku baada ya siku. Miguu, mgongo na moyo wake vilizoea mwendo mrefu wa polepole chini ya uzito. Leo wasukuma baiskeli wanaopeleka mchele na mafuta ya mawese katika njia hizohizo wana stahamala ya namna hiyo. Mchimba dhahabu wa Namoya ana nguvu za sururu: kiuno, mabega, viganja. Wote ni wenye nguvu, na hakuna anayeweza kuazima nguvu za mwenzake kwa siku moja.

Mnyanyua vyuma naye amezoea nini? Kwa kawaida huinua uzito mara 8 hadi 12 mpaka msuli uwake moto, hupumzika dakika moja, kisha hurudia. Kazi hiyo huufanya msuli uongeze protini zinazovuta, nao hunenepa. Ni mafanikio halali. Lakini mtu anayekimbia kwa kasi yake yote hukanyaga ardhi kwa muda wa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde kila hatua, wakati msuli huhitaji sehemu tatu za kumi au zaidi ili kufikia nguvu zake za juu kabisa. Mguu umeshaondoka ardhini kabla nguvu hizo hazijafika. Uwanja unauliza nguvu ngapi zinapatikana haraka, na jibu liko zaidi kwenye neva, zinazoamrisha nyuzi nyingi za msuli zifanye kazi kwa pamoja. Juu ya hapo, mchezaji wa ligi kubwa hukimbia na kutembea kilomita 10 hadi 12 katika mechi moja, akichanganya mbio fupi nyingi. Moyo na mapafu havipati fundisho hilo ubaoni.

Basi asitupe vyuma, abadilishe vinachofundisha. Siku ya kifua na siku ya mikono ziondoke, kwa kuwa katika mpira miguu, nyonga na mgongo hufanya kazi pamoja. Kuchuchumaa na mzigo mabegani kubaki, kwa uzito mkubwa, marudio 3 hadi 5, na mapumziko ya dakika tatu. Kuruka juu na kuruka mbele kuingie. Mbio za mita 10 hadi 30 zikimbiwe mwanzoni mwa mazoezi, kabla mwili haujachoka, na kupumzika kabisa kati ya moja na nyingine. Kasi haifunzwi na mtu aliyechoka. Pompe na vyuma vya mikono vinatosha mara moja au mbili kwa wiki, na uzito ukibaki uleule misuli aliyoihangaikia haipotei. Pumzi aitafute kwenye mpira wenyewe: wanne kwa wanne, uwanja mdogo, dakika nne za kukimbizana, dakika tatu za kupumua.

Zoezi moja nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu halihitaji hata kopo la simenti. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha shusha kiwiliwili mbele polepole, kiuno kikiwa kimenyooka, misuli ya nyuma ya mapaja ikifanya breki. Misuli hiyo ndiyo inayochanika mara nyingi mtu akikimbia kwa kasi, na ndiyo ambayo wanyanyua vyuma huisahau kwa kuwa hawaioni wakijitazama. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba timu zinazofanya zoezi hili hupunguza majeraha hayo kwa karibu nusu. Linauma sana mwanzoni, kwa hiyo wiki ya kwanza iwe siku moja tu, seti mbili za marudio matano.

Umahususi pia unatufundisha kuuliza ni mpira upi. Familia nyingi za mashariki mwa Kongo zimehamia Marekani, na huko mtoto akisema anajaribu timu ya football ya chuo, ni mchezo mwingine: mpira wa Kimarekani. Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, aliucheza katika Chuo Kikuu cha Michigan, na mwaka 1995 alikimbia na mpira yadi 313, sawa na mita 286, katika mechi moja dhidi ya Ohio State. Katika mchezo huo shambulio moja huisha kwa sekunde chache, kisha wachezaji hujipanga upya, na miili hugongana. Hapo vyuma vizito vina nafasi kubwa zaidi, na mbio za kilomita nyingi nafasi ndogo. Hata hivyo, kipimo kinachosubiriwa kuliko vyote kwa wanaotaka kuingia ligi ya kulipwa ni mbio za yadi 40, yaani mita 36.6.

Nawaomba makocha na walimu wa michezo wa Kabambare na Kasongo wawaambie vijana, kabla ya kila zoezi, ni kitu gani mwili unazoezwa. Na wewe kijana unayeingoja siku ya majaribio, anza mabadiliko haya wiki nane kabla, na wiki ya mwisho upunguze mazoezi.