Rais Abishapo Hodi: Khabari ya Hotuba ya Hali ya Muungano



Wenye kukisimamia kitabu chetu hiki wamenitaka niandike juu ya jambo ambalo vijana wetu huliona kila mwaka kwenye televisheni, na wazee wengi husinzia kabla halijafika nusu. Nalo ni ile hotuba aitoayo Rais wa Marekani mbele ya Kongresi, iitwayo Hotuba ya Hali ya Muungano. Kwanza niondoe utata. Kwa sisi tuliotoka Unguja na Pemba, ukisema Muungano moyo hukimbilia ule wa tarehe 26 Aprili 1964. Huu wa hapa ni muungano wa majimbo, ambayo leo ni 50, na wala hauhusiani na ule wetu.

Asili ya shughuli yote ni sentensi moja katika Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787. Sentensi hiyo inamtaka Rais aipe Kongresi, wakati hata wakati, khabari za hali ya Muungano, na aipendekezee mambo anayoyaona yanafaa kuzingatiwa. Basi, ni hayo tu. Halimo neno hotuba. Haikusemwa kila mwaka, wala haikusemwa asimame, wala apigiwe makofi. Mimi niliyesomesha sarufi miaka mingi nawaomba mvitazame vitenzi vyenyewe: kupasha khabari na kupendekeza. Kitenzi cha kuamuru hakimo.

Rais wa kwanza, George Washington, aliitimiza kazi hiyo kwa mdomo wake tarehe 8 Januari 1790 mjini New York. Maneno yake hayakupita sana 1,000. Mtu angeweza kuyasikiliza yote kabla chai yake haijapoa. Lakini taratibu zilizoizunguka zilinukia ufalme. Wajumbe walikaa wakatunga majibu ya heshima, kisha wakaenda mpaka nyumbani kwa Rais kumsomea, kama raia wamwendeavyo mfalme wao. Jamaa zetu walioko Uingereza wanaijua shughuli hiyo hadi leo: Mfalme huenda kwenye Baraza la Malodi, hukaa juu ya kiti cha enzi, wabunge wa watu huitwa waje wasimame, naye huwasomea maneno yaliyotungwa na serikali.

Thomas Jefferson aliposhika urais mwaka 1801 aliikata desturi hiyo. Aliona ni joho la mfalme alilovishwa mtu asiye mfalme, akaandika khabari zake katika karatasi na kuzipeleka. (Kweli pia kwamba sauti yake haikuwa ya jukwaani, na wako wasemao hiyo ndiyo iliyokuwa sababu kubwa.) Tangu hapo, kwa miaka 112, marais wote walipeleka waraka, na karani akausoma mbele ya wajumbe kwa sauti ya karani.

Wengi huiruka miaka hiyo kwa kuwa haina tamasha. Mimi naona ndiyo miaka iliyotajirika kuliko yote, na sisi watu wa pwani tumo ndani yake. Katika waraka wake wa Disemba 1836, Rais Andrew Jackson aliiambia Kongresi kwamba mikataba ya biashara imefungwa na serikali za mbali za Maskati na Siam, na kwamba nakala zitaletwa zikifika. Mkataba huo wa Maskati ndio ule alioufunga Edmund Roberts na Sayyid Said bin Sultan tarehe 21 Septemba 1833, ukawapa Wamarekani ruhusa ya kufanya biashara katika bandari za Sayyid, na Unguja ikiwemo, kwa ushuru wa asilimia 5 ya mali waliyoiteremsha. Ndiyo biashara iliyotuletea ile nguo ya merikani, na iliyomfikisha Ahmad bin Naaman na jahazi la Sultana New York mwaka 1840.

Tazameni basi tofauti. Rais alikwisha saini, na bado alipaswa kuja kuwaeleza wawakilishi wa watu amefunga mkataba na nani. Upande wa pili, Sayyid Said alikuwa na washauri na matajiri wake, lakini hakuwa na baraza la watu ambalo ilimlazimu kulipelekea khabari ya alichokitilia muhuri. Mvuvi wa Mkokotoni angejulia wapi?

Hata hivyo nisiwapambie. Jackson huyo huyo, katika waraka wake wa Disemba 1830, aliieleza Kongresi kwa furaha kwamba mpango wa kuwahamisha Wahindi Wekundu ng'ambo ya mto Mississippi unakaribia kutimia vizuri. Miaka michache baadaye watu wa kabila la Cherokee wakaswagwa kutoka kwenye ardhi yao, wakafa njiani kwa maelfu. Kutoa khabari si kusema haki. Faida ya karatasi ni kwamba imebaki, na mtu yeyote aweza leo kuifungua akamwonyesha kidole aliyeiandika.

Mwaka 1913 Woodrow Wilson aliirudisha hotuba ya mdomo. Kisha vyombo vikaingia mmoja baada ya mwingine: redio mwaka 1923 kwa Calvin Coolidge, televisheni mwaka 1947 kwa Harry Truman, na mwaka 1965 Lyndon Johnson akaisogeza hadi usiku ili watu waliotoka kazini waione. Toka hapo msikilizaji wa kweli si mjumbe aliyeko mbele, bali ni mtu aliyeko sebuleni kwake. Mwaka wa pili yake, 1966, chama pinzani nacho kikaanza kutoa majibu yake.

Sasa niieleze shughuli yenyewe, kwani watoto huniuliza kwa nini mkubwa wa nchi husimama mlangoni. Jawabu ni kwamba nyumba ile si yake. Rais haingii Kongresi kwa kupenda kwake. Spika humwandikia barua ya kumkaribisha, na mabaraza mawili yakapitisha azimio la kukutana pamoja. Mwanzoni mwa mwaka 2019, idara nyingi za serikali zilipokuwa zimefungwa kwa ugomvi wa bajeti, Spika Nancy Pelosi aliuondoa mwaliko aliokwisha kumpa Rais Donald Trump. Hotuba ikangoja hadi tarehe 5 Februari. Hakwenda askari kuuvunja mlango, wala Spika hakulala korokoroni. Sisi ambao wazee wetu waliona milango mingine ikivunjwa, hili tusilipite mbio.

Siku ikifika, mpambe wa Baraza hupaza sauti kumwarifu Spika kwamba Rais amefika. Rais hupita katikati ya viti akipeana mikono, hupanda, na kabla ya kusema neno humkabidhi Makamu wa Rais na Spika nakala za hotuba. Ndiyo ile karatasi ya Jefferson, haijafa. Majaji wa Mahkama ya Juu hukaa mbele na majoho yao meusi, na desturi yao ni kutoshangilia mambo ya siasa. Majenerali vivyo hivyo. Wajumbe waliobaki, nusu husimama wakipiga makofi na nusu hukaa wamenuna. Kwetu khatibu akiwa juu ya mimbari, hata kumwambia mwenzio anyamaze ni upuuzi unaokuharibia Ijumaa yako. Ningependa sana kuwaona wajumbe hawa katika msikiti wa Malindi.

Jambo jingine ni kwamba waziri mmoja haendi. Tangu zama za Vita Baridi huchaguliwa mmoja akafichwa mahali mbali, ili nyumba ile ikiangamia na wote waliomo, abaki wa kushika nchi. Marehemu baba yangu hakukubali sote tupande jahazi moja kwenda Pemba, na fikira ni ile ile.

Ama ile desturi ya kuwakalisha wageni juu ghorofani na kuwataja kwa majina, ilianza mwaka 1982, pale Ronald Reagan alipomtaja Lenny Skutnik, mfanyakazi wa serikali aliyejitosa katika maji ya baridi ya mto Potomac kumwokoa mwanamke baada ya ndege kuanguka. Huyo alistahiki. Lakini siku hizi wageni wamekuwa wengi mno, na kila machozi yao yanapoonyeshwa, hesabu ya nchi husahauliwa.

Nitaje kwa ufupi huko kwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamlazimisha Rais alihutubie Bunge mara moja kila mwaka. Ya Tanzania inamtaka alifungue Bunge jipya kwa hotuba, na wakati mwingine wowote aweza kuhutubia, lakini haimpi wajibu wa kila mwaka.

Narudi kwenye kile kitenzi cha pili, kupendekeza, maana ndicho kinachotugusa. Tarehe 8 Januari 1964 Johnson alisimama mbele ya Kongresi. Hotuba hiyo hukumbukwa kwa vita alivyovitangaza dhidi ya umasikini. Ndani yake, kwa maneno machache, aliomba pia iondolewe sheria iliyokuwa ikiwapima wahamiaji kwa nchi walizozaliwa, akasema heri kumwuliza mtu ataifanyia nini Marekani kuliko kumwuliza amezaliwa wapi. Akawataja na wanaotaka kuungana na jamaa zao. Siku nne baadaye, tarehe 12 Januari, yakatokea Mapinduzi ya Unguja. Katika watu waliotawanyika kwenda Dubai, Maskati, Mombasa na Uingereza, sidhani kama yuko aliyejua kuwa huku ng'ambo limetamkwa jambo litakalowahusu watoto wake.

Wala kutamkwa hakukutosha. Rais alipendekeza, na wenye kuamua walikuwa wengine. Wajumbe walibishana, wakapunguza huku wakaongeza kule, na muda wa karibu miezi 21 ukapita. Sheria ilitiwa saini tarehe 3 Oktoba 1965, chini ya Sanamu ya Uhuru mjini New York. Ule mgawo wa zamani, ambao nchi nyingi za Afrika zilitengewa nafasi 100 tu kwa mwaka, ukafutwa, na jamaa wa karibu wakapewa nafasi ya mbele. Ilianza kutumika kikamilifu tarehe 1 Julai 1968. Mwisho wa kitabu hiki iko orodha ya familia zetu na miaka ya kufika kwao. Ifungueni mtazame: aliyetutangulia sote alishuka hapa baada ya tarehe hiyo, na wengi waliomfuata waliitwa na ndugu zao.