Kabla Utandike Kapeti kwa Simiti Pale Mombasa, Fanya Hiki Kipimo cha Nailoni

Umepata keja Kibokoni, floo ya chini, kodi fiti, sakafu ni simiti tupu. Najua plan yako: mkeka wa mbao ukuta kwa ukuta, kapeti ya manyoya juu, piga picha, tupa Instagram. Tulia kwanza, mse. Kapeti za huku kisiwani mara nyingi haziharibiwi na viatu. Zinaozeshwa na unyevu unaotoka chini, na zikioza zinaenda na doh yako, dipositi na hata kifua chako.

Maji yanatoka wapi?

Simiti ni ngumu lakini ina vitundu vidogo sana ndani. Kama fundi hakutandika nailoni chini wakati wa kujenga, inafyonza unyevu wa udongo na kuupandisha polepole. Nyumba nyingi za zamani za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Unyevu ukiingia, unatoka wenyewe kwa hewa. Ukizifunika na mkeka wa mbao, ambao ni plastiki, njia imezibwa. Maji yanabaki chini yake au yanahamia ukutani, na rangi inaanza kubambuka.

Hewa ya Mombasa nayo haisaidii. Unyevu wake mara nyingi unapita asilimia 70, na mvua za Aprili na Mei ndizo noma zaidi.

Kipimo chenyewe

1. Nunua nailoni nzito ya kuona ndani, ile ya mita, hadiwea yoyote.
2. Kata kipande cha sentimita 45 kwa 45.
3. Fagia sakafu, kilaze, ziba kingo zote nne na selotepu pana.
4. Kiache masaa 24, kisha angalia.

Matone yako upande wa chini, au simiti imekuwa nyeusi? Maji yanatoka ardhini. Matone yako juu? Hiyo ni hewa ya chumba, fungua madirisha. Kukavu pande zote? Endelea, lakini rudia kipimo msimu wa mvua. Ukiona unga mweupe sakafuni, hiyo ni chumvi iliyopandishwa na maji. Usiifagie na kusahau.

Sakafu ikiwa na maji

Usigundishe kitu. Gundi itaachia, na mwenye nyumba atakata dipositi akikuta sakafu imechafuka. Tumia kapeti nyepesi unayoweza kuinua, acha nafasi kidogo kando ya ukuta, na kila wiki itoe juani. Sponji ya kuweka chini ya kapeti, sahau: inakunywa maji.

Kama nyumba ni ya familia na mnataka kumwaga simiti upya juu ya nailoni, kumbuka Mji wa Kale unalindwa kisheria. Ongeeni na ofisi ya uhifadhi kabla fundi hajashika nyundo. Simiti mpya nayo huhitaji karibu mwezi mmoja kukauka kwa kila inchi ya unene, na huku pwani hata zaidi. Usitandike kitu mapema.

Ishaanza kunuka?

Kapeti ya manyoya yenye kuvu hadi ndani, tupa. Sakafu isugue kwa sabuni, ikauke kabisa, washa feni. Ukitumia Jik, usichanganye na siki wala dawa ya choo: inatoa gesi ya sumu. Kama kuna mtu wa pumu hapo nyumbani, asilale chumba hicho mpaka kikauke.

Nyanya zetu walitandika mkeka wa ukindu, na asubuhi wakaukunja na kuuegemeza ukutani. Sakafu ikapata hewa, mkeka ukakauka. Hawakuwa washamba, manze. Walijua sakafu yao. Nailoni na selotepu ni pesa kidogo sana, na kipimo kinachukua siku moja tu. Fanya kwanza, kapeti baadaye.