Televisheni ya Zanzibar na Suala la Lugha

Aghalabu historia ya televisheni katika Afrika ya Mashariki huanzia Nairobi mwaka 1962, ikapita Kampala mwaka 1963, kisha ikanyamaza. Kwa tarehe, mpangilio huo ni sahihi. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili unapotosha, kwani katika vituo hivyo viwili Kiingereza ndicho kilichotawala, na sehemu kubwa ya vipindi ilinunuliwa ng'ambo. Kituo kilichokifanya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi tangu mwanzo kilizaliwa Unguja mwaka 1973.

Mazingira ya kuzaliwa kwake yafaa kukumbukwa. Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa Aprili 1972, na Aboud Jumbe akashika uongozi wa visiwa vilivyokuwa na akiba ya fedha za karafuu. Picha za Televisheni ya Zanzibar zilikuwa za rangi, jambo lililotangulia kokote kusini mwa Sahara. Afrika ya Kusini yenyewe, pamoja na utajiri wake, haikuwa na televisheni ya aina yoyote hadi mwaka 1976. Tanzania Bara iliihesabu televisheni kuwa anasa, na haikupata kituo hadi mwaka 1994. Hivyo, kwa miaka ishirini hivi, dola moja ilikuwa na sera mbili, na mkazi wa Dar es Salaam aliyetaka kutazama aliinua antena yake kuelekea baharini.

Katika miaka hiyo hiyo wako waliodai kwamba Kiswahili hakijakomaa kubeba mambo ya kisasa. Wazanzibari hawakungoja hoja hiyo iamuliwe na wataalamu. Walikuwa na mazoea ya Sauti ya Unguja, redio iliyoanza mwaka 1951, ambako habari, mazungumzo na taarab vilikwisha kupata umbo lake katika lugha ya wenyeji. Palipohitajika neno, lilikopwa au likaundwa, na kazi ikaendelea.

Jambo moja halijapewa uzito wake. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, kisha usanifishaji wenyewe ukaendeshwa zaidi kwa maandishi, mbali na midomo ya wenyewe. Televisheni iliwaonyesha watazamaji wasemaji wa Kiunguja wakiwa na lafudhi, ishara za mikono na mizaha yao, mambo ambayo hakuna kamusi inayoyahifadhi. Kituo kiliunganishwa na redio mwaka 2013 kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar. Kanda za miaka ile, popote zilipo, ni ushahidi wa lugha unaostahili kusikilizwa kabla haujachakaa.