Kaburi la Lumumba

Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, alipigwa risasi huko Katanga pamoja na wenzake, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Tarehe 13 Februari, wakuu wa Katanga walitangaza kwamba mateka hao walitoroka wakauawa na wanakijiji. Wengi hawakusadiki, na maandamano yalizuka katika miji mingi duniani. Wakati huo maiti ilikwisha kukatwa na kuyeyushwa kwa tindikali, kazi iliyoongozwa na ofisa wa polisi wa Kibelgiji.

Msiba una taratibu zake: maiti huoshwa, kaburi huchimbwa, matanga huanuliwa. Hapo ndipo moyo hukubali. Pasipo maiti, hata aliyesadiki habari hubaki hajazika. Wauaji walitaka kiongozi huyo asahauliwe. Kumbe walimnyima kifo. Kilichosalia ni jino moja, ambalo Ubelgiji ililirudisha Juni 2022, likazikwa Kinshasa baada ya miaka 61.

Mwenye bunduki na pingu ana dhamana ya mateka wake akiwa hai, na hata akifa. Kuficha maiti si kumaliza kazi, bali ni kuwarithisha wajukuu msiba.