Karne ya Kufungua Hedi

Tarehe 30 Mei 1968 Bobby Unser alishinda mbio za Indianapolis 500 nchini Marekani, na gari lake likawa la kwanza lenye turbo kutwaa ushindi huo. Ndani yake mlikuwa na injini ya Offenhauser yenye silinda 4, na injini hiyo ilikuwa na jambo moja ambalo fundi wa leo angelishangaa: haikuwa na gasketi ya hedi. Hedi na silinda zilikuwa zimemiminwa pamoja, kipande kimoja cha chuma. Turbo ilisukuma hewa kwa presha kubwa, na pale ambapo injini nyingine zingevuja, hii haikuwa na mahali pa kuvujia. Miaka michache baadaye injini za ukoo huo zilikuwa zikitoa karibu nguvu za farasi 1,000.

Mtindo huo ulikuwa wa zamani. Harry Miller na wenzake, Leo Goossen na Fred Offenhauser, waliufuata kwenye injini zao za mashindano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na Bentley ya lita 4½ ya mwishoni mwa miaka ya 1920, ile iliyofungwa pampu ya hewa, nayo ilikuwa na hedi isiyotoka. Tatizo lilikuja siku ya matengenezo. Ili kusaga valvu, fundi alilazimika kung'oa silinda zote kutoka kwenye sehemu ya chini ya injini, kisha kufanya kazi kwa kupitishia vifaa ndani ya tundu la pistoni. Timu ya mashindano ingeweza kuvumilia. Mkulima wa kawaida asingeweza.

Mkulima huyo alihudumiwa na Henry Ford. Ford Model T ilipoingia sokoni mwaka 1908, ilikuja na hedi inayofunguka, iliyoshikiliwa na bolti 15. Mtu mwenye spana na uvumilivu aliweza kuifungua nyumbani kwake, akakwangua kaboni, akasaga valvu na kuifunga tena. Zaidi ya magari milioni 15 ya aina hiyo yalitengenezwa hadi mwaka 1927, na pamoja nayo ikaenea duniani desturi ya mwenye gari kujitengenezea injini. Kati ya hedi na bloku palilazwa bamba jembamba la shaba lililokunjwa juu ya asbestosi. Kazi yake ilikuwa kuzuia vitu viwili visikutane: moto wa ndani ya silinda na maji ya kupoza.

Gasketi, basi, ilikuwa bei ya kuweza kufungua injini. Kwa Model T bei ilikuwa ndogo, kwa sababu mgandamizo wake ulikuwa kama 4 kwa 1. Kilichoipandisha ni turbo.

Turbo yenyewe ina umri unaokaribiana na wa Model T. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905: moshi unaotupwa na injini uzungushe feni, na feni hiyo isukume hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, jimbo la Colorado, zaidi ya mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Bila turbo injini ilitoa nguvu za farasi 230. Turbo ilipofungwa, zikafika 356. Tangu mwanzo, basi, turbo ilikuwa dawa ya milima.

Ilipoingia kwenye magari ya watu wa kawaida, matatizo yaliingia nayo. Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962 ilikuwa na injini ya alumini ya silinda 8, lita 3.5, nguvu za farasi 215, na mgandamizo wa 10.25 kwa 1, ambao ni mkubwa sana kwa injini yenye turbo. Ili isigonge, yaani mafuta yasilipuke kabla ya wakati, ilinyunyiziwa mchanganyiko wa maji na methanoli kutoka kwenye tangi dogo lililohitaji kujazwa mara kwa mara. Wenye magari wengi hawakulijaza. Baadaye kampuni ilikubali kung'oa turbo za wateja na kufunga kabureta ya kawaida.

Kugonga huko ndiko kunakoua gasketi, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua injini ya Subaru ya lita 2 aina ya EJ20, ambayo silinda zake zina upana wa milimita 92. Presha ya mlipuko ikifika bar 100, hedi inasukumwa itoke kwenye bloku kwa nguvu ya karibu tani 6.8 juu ya kila silinda, uzito wa tembo dume mkubwa, na jambo hilo hurudiwa mara nyingi kwa sekunde. Bolti huvutika kidogo, hedi huinuka kwa kiasi kisichoonekana, moto hupenya ukingoni mwa gasketi. Mafuta yakilipuka kabla ya wakati, presha hupanda ghafla kupita kiwango hicho. Pengo likishapatikana, moto hulipanua wenyewe.

Saab ya Sweden, iliyoonyesha 99 Turbo mwaka 1977, ndiyo iliyotafuta dawa ya chanzo. Mwaka 1982 ilileta mfumo uitwao APC, kazi ya mhandisi Per Gillbrand: kifaa kilichofungwa kwenye bloku kilisikiliza kama injini inagonga, na kikisikia kikapunguza presha ya turbo papo hapo. Injini ikaanza kujilinda kabla gasketi haijalipa gharama.

Dawa ya pili ilikuwa gasketi mpya kabisa. Asbestosi ilivumilia moto na ilijaza mikwaruzo, lakini vumbi lake huleta saratani. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2005, na watengenezaji wa gasketi walikuwa wameanza kuiacha mapema zaidi. Mbadala wake wa kwanza, grafaiti na nyuzi nyingine, haukuwa na nguvu sawa. Mfano unaotajwa kila mara ni injini ya Toyota aina ya 7M-GTE, lita 3, silinda 6, iliyokuwa kwenye Supra hadi mwaka 1992. Ilijulikana kwa kuunguza gasketi. Wenye magari waliozifungua nyumbani waligundua kwamba bolti zilihitaji kukazwa zaidi ya ilivyoandikwa kitabuni, na wengi wakabadilisha bolti zenyewe wakaweka za chuma kigumu zaidi, pamoja na gasketi ya chuma.

Gasketi hiyo ya chuma ndiyo inayotawala leo. Ni mabamba matatu au zaidi ya chuma cha pua, membamba, yenye matuta yaliyobonyezwa kuzunguka kila tundu. Hedi ikinyanyuka kidogo, tuta hutanuka na kuziba. Hedi ikirudi, tuta hulala. Subaru walitumia gasketi ya namna hii kwenye injini zao za lita 2.5 zenye turbo, wakati ndugu zao zisizo na turbo zilikuwa na gasketi ya tabaka moja iliyopakwa grafaiti, ambayo ilijipatia sifa mbaya ya kuvuja. Mafundi wengi wakaanza kuchukua gasketi ya turbo na kuifunga kwenye injini ya kawaida.

Lakini chuma hakisamehe. Asbestosi ilifuata umbo la hedi hata ikiwa imepinda kidogo. Mabamba ya chuma yanataka uso ulionyooka na laini. Kwenye injini nyingi za Kijapani upindaji unaokubalika ni milimita 0.05 hadi 0.10, na jicho haliwezi kuuona. Hapo ndipo kazi ya fundi ilipobadilika.

Afrika Mashariki iliyapokea mabadiliko haya kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mbio za magari za Safari Rally nchini Kenya. Björn Waldegård aliishinda mwaka 1984 kwa Toyota Celica Twincam Turbo, Juha Kankkunen akashinda mwaka 1985 kwa gari hilohilo, na Waldegård tena mwaka 1986. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ina takribani asilimia 80 ya presha ya Mombasa. Dawa ya Moss ilifaa huku pia. Mkenya Ian Duncan akashinda mwaka 1994 kwa Celica yenye turbo, na Colin McRae mwaka 1997 kwa Subaru Impreza. Njia ya pili ilikuwa magari yaliyotumika kutoka Japani, yaliyofurika baada ya biashara kulegezwa miaka ya 1990. Gari la mashujaa wa Safari likawa gari la jirani.

Fundi aliyelipokea alikuwa amelelewa na ufundi mwingine. Kwenye jua kali za Kenya na gereji bubu za Tanzania, gasketi za sampu, mfuniko wa valvu au pampu ya maji hukatwa palepale: karatasi nene hulazwa juu ya chuma, nyundo ndogo hugongagonga ukingoni, na karatasi hujikata kwa kufuata umbo. Ni ujuzi halisi, na umeokoa safari nyingi. Gasketi ya hedi yenye turbo haikatwi hivyo. Gari linalochemka katikati ya Mlima Kitonga, kule Iringa, huku mapovu ya hewa yakitoka kwenye radieta na moshi mweupe nyuma, linataka kazi ya vipimo.

Kazi yenyewe inajulikana, na inafanyika hata uani. Kwanza gesi ya radieta hupimwa kwa dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na moshi wa silinda. Bolti hulegezwa kidogo kidogo kuanzia nje kuja kati. Rula ya chuma iliyonyooka hulazwa juu ya hedi kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na bamba la kupimia hujaribiwa chini yake. Gasketi ya zamani hukwanguliwa taratibu bila diski ya msasa, kwa kuwa diski huchimba alumini na vumbi lake huua beringi. Matundu ya bolti hukaushwa, maana maji au oili iliyobaki humo inaweza kupasua bloku bolti inapokazwa. Kukaza huanzia kati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana ya kupimia mkazo na mara nyingi kwa kuongeza nyuzi za mzunguko, na bolti za aina hiyo mara nyingi hazirudiwi. Mwisho hutafutwa sababu: maji, feni, au turbo iliyopandishwa presha.

Namba za vipimo hivyo hutofautiana kwa kila injini, na magari haya hufika bandarini yakiwa na vitabu vya Kijapani, au bila kitabu. Mafundi wanaozungumza Kiswahili wamekuwa wakizipata kwa kuulizana. Mamlaka za mafunzo ya ufundi, VETA nchini Tanzania na NITA nchini Kenya, zina walimu wa kuzikusanya: mkazo wa bolti, mpangilio wa kukaza na kikomo cha upindaji kwa injini zilizozoeleka barabarani mwetu, kwa Kiswahili, kwenye kijitabu kinachoingia mfukoni mwa ovaroli.