Jina la ukoo lina kwao: Kisa cha jina Attenborough

MAJUZI mwanafunzi wangu mmoja alinyoosha mkono somo la onomastiki, yaani taaluma ya majina, likikaribia kuisha. Usiku uliotangulia alikuwa ametazama filamu ya wanyama na kuisikia sauti ya yule mzee wa BBC, David Attenborough. “Mwalimu, hilo jina lake maana yake nini? Na mbona sijawahi kusikia Attenborough mwingine ila yeye na nduguye?”

Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilijua swali hilo limewahi kuwagawanya wataalamu wa majina ya Kiingereza, na nilijua pia kwamba jibu lake linagusa swali jingine la majina ambalo sisi Wakenya huulizana kila siku, mara nyingine kwa nia isiyo njema. Nitalifikia hilo. Kwanza tumalizane na la mwanafunzi.

Sauti ya David Attenborough si ngeni hapa kwetu. Karibu na mwaka 1960 alikuja Kenya kumpiga picha simba jike Elsa, aliyelelewa na Joy Adamson. Kaka yake, Richard, ndiye aliyeongoza filamu ya Gandhi ya mwaka 1982. Ukiwatoa hao wawili, wengi wetu hatumjui Attenborough wa tatu. Ni kweli kwamba jina hilo ni nadra hata Uingereza kwenyewe.

Kuhusu maana, zipo kambi mbili. Kambi ya kwanza inalikata jina vipande viwili. Katika Kiingereza cha Zama za Kati kulikuwa na kiambo “atten”, kilichobeba maana ya “kwenye” au “penye”. Mtu aliyekaa karibu na msitu aliitwa Atwood, aliyekaa penye kisima akaitwa Attwell. Wakati mwingine ile “n” ya mwisho ilihama ikajibandika kwenye neno lililofuata. Aliyekaa penye mti uitwao “ash” akawa Nash, na wa penye mialoni, “oaks”, akawa Noakes. Msomaji wa Kiswahili hawezi kushangazwa na mchezo huo. Sisi tulichukua “kitab” ya Waarabu, tukadhani “ki” ni kiambishi cha ngeli, tukazaa vitabu. Madigadi ya gari nayo tuliyapa umoja, digadi, kana kwamba “ma” ilikuwa yetu tangu zamani. Basi kwa kambi hii, Attenborough ni mtu yeyote aliyeishi “penye boma”, kwa kuwa “burh” ya Kiingereza cha kale ilikuwa ngome au mahali palipozungushiwa boma.

Kambi ya pili inasema hapana, jina zima ni la kijiji. Kipo kijiji kiitwacho Attenborough katika jimbo la Nottinghamshire, kando ya mto Trent, kusini-magharibi mwa jiji la Nottingham. Hapo ndipo alipozaliwa Henry Ireton mwaka 1611, jenerali aliyemwoa binti ya Oliver Cromwell. Kwa kambi hii, sehemu ya mwanzo ya jina haina uhusiano na “penye”. Ni jina la mtu wa kale, Adda au jina linalokaribiana na hilo, na kijiji kilikuwa boma lake. Mtu aliyetoka huko ndiye aliyeitwa Attenborough.

Sasa tazama ugumu. Kisarufi, kambi zote mbili zina hoja. Unaweza kukaa na kamusi mpaka kuche, usimpate mshindi. Katika hali kama hii mimi huwaambia wanafunzi wafunge kamusi na wafungue ramani.

Ramani hiyo ina historia yake. Kabla ya Wanormandi kuivamia Uingereza mwaka 1066, Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Majina ya kurithiwa yalianza kwa mabwana wenye ardhi, yakateremka polepole hadi kwa mafundi na wakulima, na kufikia karibu mwaka 1400 Waingereza wengi walikuwa nayo. Kodi ya kichwa ya miaka ya 1377, 1379 na 1381 iliwalazimu makarani kuandika orodha ndefu za watu, na John mmoja ilibidi atofautishwe na John mwingine. Wengine walitambulishwa kwa kazi, kama Smith, mhunzi. Wengine kwa baba, kama Johnson. Wengine kwa sifa zao. Na wengi kwa mahali walikotoka.

Hapo kwenye “walikotoka” pana jambo ambalo mtu wa Mombasa hulielewa kabla Mwingereza hajamaliza kulieleza. Katika Thenashara Taifa, zile taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, kuna Wapate, Wafaza, Wakilifi na Wamtwapa. Mtu haitwi Mpate akiwa Pate, ambako kila jirani ni wa Pate. Jina hilo humwandama akishahamia Mombasa. Vivyo hivyo kwa Attenborough. Ndani ya kijiji chenyewe jina hilo halikumtofautisha mtu na yeyote. Lilipata kazi pale mwenyeji alipohamia kijiji cha pili au cha tatu, wenzake wakamwita kwa alikotoka. Kwa hivyo jina la aina hii halituambii mtu aliishi wapi. Linatuambia aliondoka wapi, na kwa kawaida hakwenda mbali.

Sensa ya Uingereza ya mwaka 1881 inatusaidia hapa, maana inaonyesha watu walivyokuwa kabla ya gari na ndege kuwatawanya. Ukiwatafuta akina Attenborough katika sensa hiyo, unawakuta wamejazana Nottinghamshire na jimbo jirani la Derbyshire, yaani kuzunguka kile kijiji. Wengine walikuwa London, ambako katika karne ya 19 jina hilo lilijulikana kwa maduka ya kukopesha fedha kwa rehani. Makarani nao walifanya yao, wakaandika walichosikia: Attenborrow, Attenburrow. Hilo nalo si geni kwetu. Ndugu wa tumbo moja huwa na vitambulisho viwili, mmoja Mohamed na mwenzake Muhammad.

Hebu jiulize: kama jina lingetokana na “penye boma”, tungelikuta wapi? Maboma yalikuwa kote Uingereza. Lingechipuka kusini, mashariki na magharibi, kila kona na Attenborough wake, kama Smith alivyochipuka kila palipokuwa na mhunzi. Halikufanya hivyo. Limebaki kuzunguka mto Trent. Ramani imeamua pale sarufi iliposhindwa, na imekipa kijiji ushindi.

Hata familia ya mtangazaji wetu inalithibitisha hilo. Baba yake, Frederick Attenborough, alizaliwa mwaka 1887 katika mji mdogo wa Stapleford, mwendo wa kilomita chache tu kutoka kijijini Attenborough. Tangu mwaka 1932 hadi 1951 alikuwa mkuu wa chuo kikuu kishiriki cha Leicester, na wanawe walikulia kwenye makazi ya chuo hicho. Kutoka kijijini hadi Leicester hazifiki kilomita 50. Mwaka 1966 David alialikwa kufungua hifadhi ya wanyama kwenye machimbo ya zamani ya kokoto kando ya kijiji. Hifadhi hiyo inaitwa Attenborough, na wengi hudhani ilipewa jina lake. Kumbe imepewa jina la kijiji, na yeye mwenyewe, kupitia mababu zake, alipewa jina la kijiji hichohicho.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, lakini chuo hichohicho cha Leicester kikaifungulia ukurasa mwingine. Hapo ndipo Alec Jeffreys alipogundua mwaka 1984 namna ya kumtambua mtu kwa DNA. Miaka ya baadaye, Turi King na Mark Jobling wa chuo hicho waliuliza swali ambalo yule mwanafunzi wangu angelifurahia: je, watu wenye jina moja la ukoo wana babu mmoja? Kwa Waingereza jina hurithiwa kutoka kwa baba, na kromosomu Y pia mwana huirithi kwa babaye. Basi jina na kromosomu hiyo vinapaswa kusafiri pamoja, chanda na pete.

Mwaka 2009 walichapisha matokeo ya wanaume 1,678 wenye majina 40 tofauti, wakiwa wameepuka kuwahesabu ndugu wa karibu. Akina Smith hawakukaribiana zaidi ya watu wowote uliowaokota barabarani. Jambo hilo lilitarajiwa, kwa sababu wahunzi walikuwa wengi na hawakuwa ndugu. Kwa akina Attenborough mambo yalikuwa kinyume kabisa. Zaidi ya asilimia 70 walikuwa na kromosomu Y ya aina moja au iliyokaribia kuwa moja. Wengi wao, kwa maneno mengine, ni uzao wa mtu mmoja.

Tahadhari kidogo. Haina maana kwamba tangu mwanzo aliondoka kijijini mtu mmoja tu. Huenda waliondoka kadhaa, kila mmoja na jina hilo, kisha koo nyingine zikakatika. Baba akizaa mabinti watupu, jina lake limekwisha. Francis Galton na Henry Watson walilipigia hesabu jambo hilo katika miaka ya 1870, wakaonyesha kwamba majina mengi hufa kwa bahati tu, bila vita wala njaa. Kisha kumbuka tauni ya mwaka 1348 na 1349 iliyofagia theluthi moja au zaidi ya Waingereza, wakati majina ya kurithiwa yalikuwa bado machanga. Jina nadra ni jina lililoponea chupuchupu.

Na wale wengine wasiofika hiyo asilimia 70? Hao ndio walionifanya niandike makala haya. Jina ni lao kihalali kabisa, ila kromosomu ni ya mtu mwingine. Pengine babu yao alilelewa na baba wa kambo. Pengine alichukua jina la mama. Pengine alizaliwa nje ya ndoa. Watafiti walikadiria kwamba mambo kama hayo yalitokea kwa chini ya asilimia 5 katika kila kizazi. Ni kidogo, lakini vizazi ishirini si vizazi viwili. Wafalme nao hawakuepuka. Mifupa ya Mfalme Richard wa Tatu ilipofukuliwa Leicester mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari, DNA ya upande wa kikeni ililingana na ya jamaa zake walio hai. Ile ya upande wa kiumeni haikulingana. Mahali fulani katika ukoo ule wenye vyeo na vitabu vya nasaba, mnyororo ulikatika na hakuna aliyeandika.

Kisa kinachonigusa zaidi kilichapishwa mwaka 2007 na watafiti haohao na wenzao. Walimpima Mwingereza mmoja mwenye jina nadra la mashariki mwa Yorkshire, wakamkuta na kromosomu Y ambayo kabla ya hapo ilijulikana kuwa ya Waafrika tu, hasa wa Afrika Magharibi. Wakawatafuta wanaume 18 wenye jina hilohilo. Saba kati yao walikuwa nayo. Nyaraka ziliwafikisha hadi Yorkshire ya mwishoni mwa karne ya 18, na vinasaba vikaonyesha babu wao wa pamoja aliishi vizazi vichache kabla ya hapo. Watu hao wana jina la Kiingereza lisilopatikana kwingine, wana ramani yao na kijiji chao. Na wana babu Mwafrika. Hakuna sehemu ya hadithi hiyo iliyo ya uongo.

Sasa nilifikie lile swali letu. Mwanzoni mwa mwaka 2008 nilikuwa natafuta nyumba ya kupanga. Mwenye ploti alinionyesha vyumba, tukaelewana bei, tukacheka. Nilipotoa fedha za rehani ya nyumba akaniuliza, “Na jina lako la pili?” Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akakumbuka kwamba nyumba ilikuwa imeshachukuliwa na mtu. Mimi nilipoteza nyumba tu. Wakati huohuo, kwenye vizuizi vilivyowekwa barabarani na vijana, vitambulisho vilikuwa vinasomwa na jina la pili likiamua nani apite na nani asipite.

Sisemi majina hayana kwao. Attenborough imetuonyesha kwamba yanayo, na kwamba jina linaweza kuhifadhi kijiji kwa zaidi ya miaka 600 huku wenye jina wakiwa wamekisahau. Nimeishi kwa kufundisha hayo. Lakini jina hutunza habari ya njia moja tu aliyopita mtu mmoja, tena wa kiumeni. Bibi zake wote wameachwa nje. Ukirudi nyuma vizazi kumi tu, una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na jina lako la pili linamzungumzia mmoja wao.

Kwa hivyo nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: jina Attenborough maana yake ni “mtu aliyetoka katika boma la Adda”. Aliandika. Kisha akauliza kama hiyo inamaanisha kila Attenborough ni wa huko. Nikamwambia hapana, na kwamba swali hilo la pili lilikuwa bora kuliko la kwanza.