Mpigapicha wa Newala na Masasi achague kazi gani yenye faida?

Na Mwandishi Wetu, Newala

KIJANA wa Mnyambe aliyeuza korosho na kuamua kununua kamera hana budi kujibu swali moja kwanza: atapiga picha za nini? Akikosea, fedha ya msimu mzima itabaki kabatini pamoja na kamera yenyewe.

Zamani studio nyingi za miji midogo zilitegemea picha ndogo za vitambulisho. Mapato hayo yamepungua. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) humpiga picha mwombaji kwa mitambo yake, na uandikishaji wa wapigakura kwa mfumo wa BVR, uliotumika kwa uchaguzi wa 2015, hufanya vivyo hivyo. Picha za kawaida za familia nazo zimechukuliwa na simu. Zimebaki kazi ambazo mwenye simu hawezi kujifanyia mwenyewe.

Harusi. Kazi moja hulipa vizuri, lakini haina marudio: kamera ya akiba, taa na msaidizi ni lazima. Mnada wa korosho huanza takribani Oktoba, na sherehe huongezeka wakulima wakishalipwa. Kwa hiyo mapato ya miezi michache ndiyo yatakayomlisha mpigapicha miezi iliyobaki.

Mahafali. Bei ya picha moja ni ndogo, ila wanunuzi ni wengi. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba na kidato cha nne Novemba, hivyo mahafali huziba pengo kabla ya fedha za korosho kuingia.

Jando na unyago. Sherehe ya kuwatoa vijana ina wateja wa uhakika. Yanayofanyika ndani ni siri, hayapigwi picha. Wahusika ni watoto. Idhini ya wazazi ni ya lazima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zao. Anayevunja miiko hupoteza imani ya kijiji kizima.

Taasisi. Halmashauri, vyama vya ushirika na miradi huhitaji picha za kumbukumbu. Hudai namba ya mlipakodi na risiti, na malipo yaweza kuchelewa.

Faida ipimwe kwa hesabu, si kwa bei inayotajwa. Tuseme vifaa vimegharimu shilingi 2,400,000 na vitafanya kazi 60. Kila kazi inabeba shilingi 40,000 za uchakavu. Harusi ya shilingi 300,000, ukiondoa uchakavu huo, msaidizi 50,000, nauli 30,000 na usafishaji wa picha 60,000, inaacha 120,000. Siku tatu za kuhariri nazo zihesabiwe. Arbuni ipokelewe kabla ya siku ya kazi.

Kwa anayeanza, ni busara kuazima au kukodi kamera kwa msimu mmoja, aandike kila kazi na kilichobaki mfukoni. Daftari hilo ndilo litakalomwonyesha kazi ya kushika, kabla hajauza gunia la mwisho.